Kabati la kufichia unyevu halikuuza nyumba yetu

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salamu nyingi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua huwa mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mtanisamehe, mkiona imezidi kateni mnapotaka ila msikate pale nitakapofika kwenye habari ya kabati.

Wiki iliyopita mmetoa makala ya jinsi ya kuiandaa nyumba kabla hujaiuza, ile kazi ya kupunguza vitu, kusafisha, kupanga fanicha, kupaka rangi, ili mnunuzi akiingia aipende. Nimeisoma mara mbili. Mengi mle ndani ni kweli tupu, mi mwenyewe nimeyafanya na nimeona yanavyosaidia. Lakini kuna mahali mwandishi wenu kashauri madoa ya ukutani yazibwe kwa fanicha au kwa picha kubwa, kapita hapo haraka haraka kama vile ni jambo la kawaida tu, na hapo ndo nikaona hapana, hili siwezi kulinyamazia, kwa sababu mimi ndo yule mtu aliyeziba. Niliziba kwa kabati la milango mitatu na nitawaeleza lilivyonitoa jasho.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya baba. Baba alipofariki mama akahamia kwa dada yetu mkubwa, nyumba ikabaki imefungwa, tukakaa watoto wote tukakubaliana iuzwe, na kwa kuwa mi ndo naishi karibu kazi ikaniangukia. Siku ya kwanza dalali alipokuja kuiona alizunguka vyumba vyote, akatoka nje, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Nyumba nzuri kaka, ila imejaa." Imejaa nini, nikamuuliza. "Imejaa nyie." Niliudhika kweli, nikahisi anatafuta njia ya kuishusha bei tu, madalali nawajua.

Miezi saba ikapita. Na watu walikuja, sio kwamba hawakuja, ila wanaingia, wanazunguka dakika tano, wanashukuru, wanaondoka. Kuna mmoja hata jikoni hakufika. Alisimama katikati ya sebule, akageuka huku akageuka kule, simu yake ikaita akatoka nayo nje na ndo ikawa basi, sikumwona tena. Mi nikawa nasema hawa watu hawajui nyumba, nyumba ya matofali mazima hii, ukuta mnene, paa halijawahi kuvuja, wanataka nini?

Kumbe mwenye nyumba ndo mtu wa mwisho kuijua bei ya nyumba yake. Kuna jaribio maarufu la mwaka 1990, la watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, waliwapa wanafunzi vikombe, nusu ya darasa wakapewa na nusu hawakupewa, halafu wakaambiwa wauziane. Wenye vikombe wakataka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Na hicho kikombe mtu amekishika dakika chache tu, hajawahi hata kukinywea! Sasa fikiria mimi na nyumba niliyokulia humo ndani, kila kona naijua, nikiingia sioni sebule, namwona baba amekaa pale na gazeti lake. Mnunuzi hamuoni baba. Anaona kiti kilichobonyea.

Kilichonifumbua macho ni simu. Dalali alinambia piga picha kila chumba, simama mlangoni, piga, halafu usiziangalie ukiwa mle ndani, kaziangalie kwako usiku. Nikafanya hivyo. Ndugu mhariri niliona aibu nikiwa peke yangu kitandani. Jicho ukishazoea kitu linakiruka, picha hairuki. Nikaona nyuma ya mlango wa sebule kuna mifuko imening'inia, mifuko ndani ya mifuko. Nikaona misumari kumi na mmoja ukutani isiyo na picha yoyote. Nikaona kalenda ya miaka minne iliyopita. Na kila swichi ya taa ina duara jeusi kuizunguka, ule uchafu wa vidole vya watu wanaopapasa gizani miaka ishirini na kitu, ukikaribia unaona kabisa duara liko chini kidogo kwa sababu tulianza kupapasa tukiwa wafupi. Sijawahi kuliona duara lile maishani mwangu mpaka nilipoliona kwenye simu.

Basi tukaanza kutoa vitu. Na hapa niwaunge mkono kwa nguvu zote, kazi kubwa ya kuandaa nyumba ni kutoa, kuongeza ni kidogo sana. Watu wanadhani lazima ununue mapazia mapya na maua na vioo, sijui mito ya rangi, hapana, sisi hatukununua hata mto mmoja. Tulitoa kama nusu ya fanicha ya sebuleni na sebule ikakua. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na redio nne mbovu za baba, nzito, zina vumbi ambalo limeshakuwa kama kitambaa. Nikampigia mama kumuuliza nizipeleke wapi, akanyamaza halafu akasema, "Baba yenu alisema atazitengeneza." Nikazifunga kwenye maboksi nikazipeleka kwangu, ziko kwangu mpaka leo.

Ila angalieni mnavihamishia wapi hivyo vitu. Sisi kosa la kwanza tulivisukumia chumba cha nyuma tukafunga mlango, na mnunuzi wa kwanza aliyekuja baada ya hapo mlango wa kwanza kuutaka ufunguliwe ni huo huo. Wanunuzi wanafungua. Wanafungua makabati ya ukutani, wanafungua chini ya sinki, wanavuta droo, na wana haki yao maana wananunua na hivyo pia. Kabati la ukutani likiwa limeshindiliwa mpaka mlango haufungi, yeye hasemi hawa watu wana nguo nyingi, anasema nyumba hii haina pa kuwekea vitu. Acha hata theluthi yake wazi. Vitu vitoke nje ya nyumba kabisa, kwa ndugu, kwa jirani, popote.

Na chumba kikiwa kitupu kabisa nacho ni tatizo, hili sikulijua. Chumba kitupu kinaonekana kidogo kuliko kilivyo, mtu hana cha kukipimia, anasimama anawaza hivi kitanda kitaenea hapa? Weka kitanda kimoja na kimeza basi, inatosha, ajue kitanda kinaenea na bado mtu anapita. Halafu milango yote ifunguke mpaka mwisho! Sisi mlango wa chumba cha wasichana ulikuwa unagonga kabati, unafunguka nusu, tulishazoea kuingia kwa ubavu, mnunuzi akiingia kwa ubavu ameshaamua chumba ni kidogo kabla hajakiona.

Mwanga nao. Sebuleni kulikuwa na taa tatu, balbu tatu, rangi tatu, moja ya njano, moja nyeupe, moja ile nyeupe ya bluu inayofanya watu waonekane wagonjwa. Kwenye boksi la balbu huwa wameandika namba ya kelvini, 2700 mpaka 3000 ndo ule mwanga wa joto unaofaa sebuleni na vyumbani, 6500 ni ule wa bluu, nunua zote namba moja. Osheni vioo vya madirisha ndani na nje, fungueni mapazia. Rangi ya ukuta wekeni ya kupoa, hilo mmeshaliandika vizuri.

Harufu ndo ngumu zaidi maana pua yako mwenyewe inakudanganya, inazoea ndani ya dakika chache haikuambii tena. Mlete mtu asiyeishi humo, muulize asikuonee haya. Mi nilimleta shemeji yangu, hana simile yule, akaingia hatua tatu akasema choo cha wageni kinanuka mtaro. Nikabisha, choo kile hakijatumika miezi na tumekisafisha juzi. Nikanunua ile dawa ya kupuliza nikapuliza nyumba nzima, ikawa sasa inanuka mtaro na maua. Fundi bomba alikuja akacheka. Akanionyesha lile bomba lililopinda chini ya sinki, kazi yake ni kushika maji kidogo muda wote, na yale maji ndo kizibo, yanazuia hewa ya mtaro isipande ndani. Ujanja huo ni wa zamani sana, Mskoti mmoja fundi saa, Alexander Cumming, aliusajili kwenye choo chake mwaka 1775. Sasa nyumba ikifungwa miezi, maji yale yanakauka, kizibo hakipo, hewa inapanda. Dawa yake ni ndoo moja ya maji, mimina kwenye kila sinki na kila tundu la bafuni, subiri. Nililipa fundi kwa kumwaga maji. Haya mwenye nyumba iliyofungwa asome hapa, nimeshamlipia.

Kwa wanaouliza kama yote haya yanaleta faida, mi nilitafuta tafuta kusoma maana nilikuwa nimeshachoka na nataka kujua kama nahangaika bure. Kazi hii ya kuipanga nyumba ya kuuza kama jukwaa la maigizo wanasema ilianzishwa na mama mmoja wa Marekani, Barb Schwarz, mwaka 1972 huko karibu na Seattle. Chama cha madalali wa Marekani huwa kinawahoji wanachama wake, na karibu 8 kati ya 10 ya madalali wa upande wa wanunuzi wanasema nyumba iliyopangwa inamrahisishia mnunuzi kujiona anaishi humo, na sebule ndo inaongoza kwa umuhimu. Sawa, ila hayo ni maneno ya madalali, na dalali ni dalali. Mwaka 2015 watafiti Lane, Seiler na Seiler wakafanya kitu tofauti, wakawaonyesha wanunuzi nyumba ile ile kwenye kompyuta, huyu anaona rangi nzuri ya kupoa, yule anaona rangi mbaya, huyu fanicha nzuri, yule fanicha mbaya. Bei waliyokuwa tayari kutoa haikubadilika kwa maana yoyote. Kilichobadilika ni jinsi walivyoiona nyumba inavyokalika.

Mi hiyo naielewa kabisa kwa yaliyonikuta. Bei haikupanda. Ila baada ya kutoa vitu watu walianza kukaa, sio dakika tano tena, nusu saa, wanarudi mara ya pili na mama mkwe, wanapima ukuta kwa hatua, wanauliza maji yanatoka saa ngapi. Nyumba ilianza kuonekana. Na hiyo ndo hoja yangu ndugu mhariri, kuiandaa nyumba ni kumsaidia mnunuzi aione. Ukianza kufanya kitu ili asione, hiyo ni kazi nyingine, ina jina lake.

Sasa kabati.

Chumba cha nyuma kina ukuta unaopakana na bafu. Chini ya ukuta ule, urefu wa kama goti, kulikuwa na doa la unyevu, rangi imebadilika, kuna ukungu mweusi kwenye kona, ukipitisha kidole unatoka unga mweupe kama chumvi. Lilikuwepo tangu baba yupo. Mdogo wangu akasema wewe paka rangi mbili tatu sogeza kabati pale, nani atasogeza kabati la milango mitatu? Nikaona ana akili. Nikakwangua, nikapaka, ikakaa vizuri kabisa, tukalisukuma kabati watu watatu, nikarudi nyuma nikaangalia nikajipongeza.

Wakaja mama mmoja mtu mzima na kijana wake, ilikuwa mara yao ya pili, nilishajua hawa wananunua. Mama hana haraka, anatembea mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Akaingia chumba cha nyuma, akaangalia kabati muda mrefu, halafu akauliza kwa upole tu, "Mwanangu, mbona soketi imebaki nyuma ya kabati?" Nilikuwa sijafikiria soketi. Ilikuwa inachungulia nusu pembeni ya kabati, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeziba soketi pekee ya chumba. Nikaanza kueleza eleza, sijui nilisema nini. Akamwambia kijana, "Hebu livute." Kijana akaegemeza bega akalivuta.

Rangi yangu ilikuwa imevimba malengelenge ukuta mzima wa chini. Yule mama akainama, akaweka kiganja pale, akabonyeza, lengelenge moja likapasuka chini ya kidole gumba chake na rangi ikaanguka kipande kama ganda la yai. Akanusa kiganja. Hakupiga kelele wala hakunitukana, afadhali angenitukana. Akaniuliza, "Na kwingine mmefunika nini?"

Kwingine hatukufunika kitu! Rangi mpya ya sebuleni ilikuwa rangi mpya tu, kapeti la ukumbini lilikuwa kapeti tu. Ila ningesemaje na angeniamini vipi? Alipita tena nyumba nzima siku ile na safari hii hakuwa anaangalia nyumba, alikuwa ananitafuta mimi. Akainua kapeti. Akagonga gonga ukuta wa sebule. Ile kazi yote ya wiki tatu, swichi nilizosugua moja moja kwa mswaki, ikageuka ushahidi dhidi yangu, kila kilicho safi kikawa kimesafishwa ili kuficha. Wakaaga vizuri. Hawakurudi.

Niliwaza sana swali lile. Mchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake kwa kazi ya namna hiyo, anasema pale ambapo muuzaji anajua kasoro na mnunuzi hana njia ya kuijua, mnunuzi anashusha bei ya magari yote, mabovu na mazima, kwa sababu hajui lipi ni lipi, mwishoni mwenye gari zima anaona bora asiuze. Nyumba ndo hivyo hivyo. Makala kama yenu ikisomwa na watu wengi wakafunika, wanaoumia ni wale ambao kabati lao liko pale kwa sababu ndo mahali pa kabati.

Na kuna nchi utapelekwa mahakamani. Ufaransa wana kifungu cha 1641 cha sheria yao ya kiraia, muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizojificha. Marekani, jimbo la Washington, mwaka 1960 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kesi ya jengo lililoliwa na mchwa, wauzaji walijua, wakatibu nusu nusu, wakauza bila kusema. Mnunuzi hakuuliza habari ya mchwa. Mahakama ikasema hata kama hakuuliza mlitakiwa kusema, maana mchwa ule haukuwa wa kuonekana kwa macho. (Kuna na ile ya New York mwaka 1991, mnunuzi alikuja kugundua kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshawatangazia watu miaka yote kwamba nyumba ina mizimu ila yeye hakuambiwa, majaji wakaandika kwamba kwa mujibu wa sheria nyumba hiyo ina mizimu, wakamruhusu ajitoe kwenye mkataba. Huwa namsimulia mama anacheka mpaka machozi.)

Hata picha za kwenye mtandao ni mambo yale yale. Siku hizi mtu anapiga picha chumba kitupu, kompyuta inamwekea makochi, zulia, inang'oa na nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya dirisha. Makochi ya kompyuta sina neno nayo, ilimradi useme ni ya kompyuta. Nguzo ya umeme hapana. California kuanzia mwaka 2026 sheria inamtaka dalali aseme kama picha imebadilishwa na aonyeshe ile ya asili. Na ile lenzi pana inayofanya korido ionekane kama uwanja wa ndege, mtu anakuja na ile picha kichwani, akifika anakuta korido ya kupita mtu mmoja, ameshanuna mlangoni, ungeonyesha korido yako ilivyo angekuja anayetaka korido ya namna hiyo.

Turudi ukutani. Nilimwita fundi, akatoboa upande wa bafuni, akakuta kiungo cha bomba la kuogea kinavuja tone tone ndani ya ukuta, labda miaka kumi. Kiungo kimoja! Kukibadilisha ilikuwa asubuhi moja tu. Kilichochukua muda ni ukuta kukauka. Alibandua plasta yote iliyolowa, akapandisha na juu ya doa kidogo, akatuacha tofali zikae wazi, madirisha wazi. Baadae akapiga plasta mpya akanikataza nisiguse, hesabu yake ni milimita moja kwa siku, plasta ya sentimita mbili ni wiki tatu kama hali ya hewa nzuri, ukipaka rangi mapema unyevu unatafuta pa kutokea na ndo yale malengelenge niliyokuwa nayo. Akaniambia na kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuvalisha shati. Mdogo wangu alikuwa ananipigia kila siku kumi, vipi bado, mi namwambia bado mbichi.

Wakati huo wote nilipiga picha, bomba bovu likiwa mkononi mwa fundi, ukuta umebanduliwa, plasta mpya ikiwa ya kijivu giza halafu siku hadi siku inapauka. Nikazichapisha nikaziweka kwenye faili pamoja na risiti, faili nikaiweka juu ya meza ya sebuleni ambayo ilikuwa haina kitu kingine chochote. Dalali aliiona akashtuka, akasema kaka unawaonyesha ugonjwa kabla hawajauliza? Nikamwambia kabati tulishalijaribu.

Waliokuja kununua ni mke na mume, wana mtoto mdogo anakimbia kimbia. Mke ndo alikaa na faili. Mume anazunguka na mtoto, yeye kakaa kwenye kochi anageuza picha moja moja, mi nimesimama pembeni moyo unadunda. Akaomba namba ya fundi. Akampigia pale pale mbele yangu, akamuuliza maswali ambayo hata mi sikuyauliza, bomba jipya ni la aina gani, upande wa pili wa bafu mliangalia? Halafu akaenda chumba cha nyuma akaweka kiganja ukutani, pale pale alipoweka yule mama. Kukavu. Wakaomba tupunguze bei kidogo, tukapunguza kidogo, hatukupata zaidi ya tulichotaka mwanzoni na kusema kweli tulichotaka mwanzoni kilikuwa ni kile cha kikombe.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, mtoe sahihisho kuhusu ule ushauri wa kuziba madoa, mengine yote yaacheni kama yalivyo, ni mazuri. Mkipata nafasi ongezeni na habari ya ndoo ya maji.

Yule mke, siku ya kukabidhiana funguo, aliuliza kama kabati la milango mitatu linabaki. Nikasema chukueni, sitaki kuliona. Juzi nilipita kuchukua barua za baba zilizokuja anwani ya zamani, wakanikaribisha ndani, mtoto akanivuta kunionyesha chumba chake ambacho ndo kile cha nyuma. Kabati wamelihamishia ukuta wa pili, na kwenye soketi wamechomeka taa ndogo ya usiku.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.